Jinsi ya Kumwandalia Nyoka Banda Bora Kagerankanda

Wakazi wa Kagerankanda si wageni wa ufugaji. Kuna kuku, mbuzi na bata. Kuna nguruwe kwa wale ambao dini haiwakatazi, nyuki kwa wenye subira, na ng'ombe kwa wenye kifua cha kubishana na mwenye shamba la mahindi. Pengo limebaki moja tu: nyoka. Ulaya na Marekani nyoka ni mnyama wa nyumbani. Anapewa jina, anapelekwa kwa daktari wa mifugo, na mwenyewe akisafiri humwachia jirani funguo pamoja na maelezo ya kumlisha. Kwetu jirani huitwa kwa yowe, na huja na jembe.

Mkoa wa Kigoma umeshachelewa mambo mengi. Gridi ya taifa tuliipata 2022, wenzetu wakiwa wameshaizoea hadi wanailalamikia. Hakuna sababu ya kuchelewa na hili pia. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mwananchi wa Kagerankanda, na unawafaa vilevile wa Makere, wa Kitanga na wa kule Kibondo. Unafuata kanuni zilezile wanazofuata wafugaji wa ng'ambo, ila umerekebishwa kidogo kulingana na udongo mwekundu, moshi wa kuni na mwenyekiti wa kitongoji.

Hatua ya kwanza: Mchague nyoka kabla hajakuchagua

Wafugaji wa ng'ambo wengi huanza na chatu mdogo wa Afrika Magharibi, anayetoka Ghana, Togo na Benin. Huyo akiogopa hujiviringa, akaficha kichwa katikati na kusubiri matatizo yapite. Ni mpole na ana aibu. Kwetu hayupo.

Chatu wa kwetu ni wa aina nyingine. Anaweza kufika mita tano, na akiogopa haoni sababu ya kuficha kichwa. Sifa njema anazo: jike hutaga makumi ya mayai, akayazungukia kwa mwili wake na kuyalinda kwa miezi miwili hadi mitatu, karibu bila kula. Kuna akina baba mjini Kasulu ambao hawajawahi kufikia kiwango hicho.

Kama nafasi ni ndogo, mfikirie kifutu. Ni mfupi, mnene, hana haraka. Hulala njiani akiamini hakuna anayemwona, na kwa bahati mbaya yuko sahihi. Akina mama wanaoingia miombo kutafuta uyoga msimu wa mvua wanamfahamu vizuri: rangi yake na ya majani makavu zilishonwa kwa kitambaa kimoja. Swila mtema mate naye anafaa kwa mfugaji anayependa mazungumzo ya ana kwa ana, maana hulenga macho, na hulenga kutoka umbali wa mita mbili na zaidi. Koboko hawafai wanaoanza. Wazoefu nao wangependa umbali zaidi.

Ukiwa na ndugu Ujiji, anaweza kukutafutia swila wa maji wa Ziwa Tanganyika, anayeishi kwa kula samaki. Jane Goodall, mtafiti wa sokwe aliyeanza kazi Gombe Julai 1960, alisimulia jinsi wimbi lilivyomleta mmoja hadi miguuni pake ufukweni. Alisimama bila kutikisika mpaka wimbi lililofuata likamrudisha alikotoka. Mbinu hiyo ya ufugaji ndiyo bora kuliko zote zitakazotajwa humu.

Yuko na yule nyoka mdogo wa kahawia anayezungukazunguka majumbani usiku akitafuta panya. Sumu ya kumdhuru mtu hana, hachagui makazi, na kazi anaifanya bila kulipwa. Kwa vigezo vyote ndiye anayefaa kufugwa. Kasoro yake ni moja: Kagerankanda bado hajapata nafasi ya kujitambulisha.

Hatua ya pili: Tafuta kibali

Tanzania wanyamapori ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya 2009 haimruhusu mtu kumweka mnyamapori nyumbani kwake kwa sababu tu amempenda. Ufugaji una leseni zake, kuna mashamba, ranchi na bustani za wanyamapori, na mwenye kazi ya kusimamia ni TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Ukitaka kuona kinachowezekana ukifuata utaratibu, nenda Meserani, nje kidogo ya Arusha kwenye njia ya Ngorongoro. Bustani ile ya nyoka imekuwapo tangu miaka ya 1990, na pembeni yake kuna kliniki ambako Wamasai wengi walioumwa na nyoka wametibiwa.

Usipange kumuuza nje. Serikali ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai 2016. Juni 2022 lilitolewa tangazo la kuwaruhusu wafanyabiashara waondoe wanyama waliokuwa wamebaki mikononi mwao, nchi ikapiga kelele, na tangazo likasitishwa ndani ya siku chache. Chatu wa kwetu yumo pia kwenye orodha za mkataba wa kimataifa wa CITES, kwa hiyo hata mipakani anajulikana kuliko wewe.

Zingatia hapa, maana ndipo wengi wanapoteleza. Nyoka akiingia ghalani kwako mwenyewe, akakaa miezi, akala, akalala, akazaa, wewe huna kesi. Ukimkuta na kumfungia komeo, unayo. Kwa maneno mengine, sheria haikukatazi kuishi na nyoka. Inakukataza kumtunza.

Hatua ya tatu: Pima banda

Kanuni ya wafugaji makini ni kwamba urefu wa banda usipungue urefu wa nyoka, ili aweze kujinyoosha. Chatu wa mita nne, basi, anahitaji banda la mita nne, na upana wa mita mbili hivi. Pima chumba cha watoto. Sasa umeelewa kwa nini wataalamu husisitiza mashauriano ya kifamilia.

Fundi seremala wa Kasulu atakujengea sanduku zuri la mninga, ukimwambia ni la mahindi. Mwambie aache matundu ya hewa yenye wavu, mlango ufunguke kwa mbele na si kwa juu, kwa sababu nyoka anayeshtuliwa kutoka juu humdhania anayemlisha kuwa ni ndege wa kuwinda. Sakafuni weka magazeti ya zamani. Yananyonya unyevu, yanabadilishwa kirahisi, na habari nyingi za humo nyoka hazimdhuru. Maranda ya mbao zenye harufu kali, kama mwerezi, epuka: mafuta yake huharibu mapafu ya nyoka.

Ukiona gharama ni kubwa, usikate tamaa. Angalia ghala lako. Lina urefu, lina upana, lina giza, na sakafu yake ina magunia. Halikujengwa kwa ajili ya nyoka, lakini vipimo vinakubali.

Wapo waliofika mbali bila sanduku la mninga. Wakati wa mkoloni kulikuwa na bwana nyama wa Liwale aliyeitwa C. J. P. Ionides, wenyeji wakambatiza Bwana Nyoka. Alikamata maelfu ya nyoka kusini mwa Tanganyika, akawapeleka kwenye bustani za wanyama na maabara za nje, na nyumbani kwake hakukosa wageni wa aina hiyo. Aliishi hadi 1968. Baadhi ya vidole vyake vilistaafu mapema.

Hatua ya nne: Panga joto

Nyoka hawezi kujitengenezea joto la mwili, hulifuata lilipo. Banda zuri lina pande mbili: upande wa joto wenye nyuzi 30 hadi 32, na upande wa ubaridi wenye nyuzi 24 hadi 26. Nyoka huhama mwenyewe, akiota hapa, akipoa pale. Ng'ambo hutumia taa maalumu, mkeka wa umeme, vipimajoto viwili na kidhibiti joto kinachozima mkeka kabla haujamchoma. Nyoka ni mzito kushtuka anapoungua kwa chini, na wengi wameunguzwa na wafugaji waliowapenda.

Nyanda za juu za Kigoma zina usiku wa baridi, hasa Juni na Julai. Umeme ukikatika saa mbili usiku nawe umemuahidi nyoka nyuzi 31, utafanyaje? Usijali. Nyumba yako imeshalishughulikia jambo hilo. Nyuma ya mafiga jikoni kuna joto hadi alfajiri. Juu ya dari, bati likipigwa na jua la saa saba, pana joto la kutosha. Tanuri la matofali lililochomwa wiki iliyopita hapo uani linatunza joto kuliko mkeka wowote wa kununuliwa, na halina bili. Upande wa ubaridi uko chini ya mtungi wa maji. Mzungu angelipia pesa nyingi kupata mpangilio huo.

Hatua ya tano: Mpe maficho mawili

Nyoka asiye na pa kujificha hupata wasiwasi, hukataa kula, hatimaye huugua. Wataalamu huagiza maficho mawili yanayombana kidogo, moja upande wa joto na lingine upande wa ubaridi. Hupenda kuhisi kuta zikimgusa ubavuni. Dukani ng'ambo huuzwa mapango ya plastiki yaliyopakwa rangi ya mwamba.

Kaya ya kawaida ya Kagerankanda haina maficho mawili. Ina kumi na mawili. Lundo la kuni limeegemezwa ukutani ili lisinyeshewe. Matofali yaliyobaki ulipojenga yamepangwa kando ya choo, yakisubiri mwaka wa kujenga chumba cha pili. Mabua ya mahindi yamelazwa nyuma ya nyumba. Majani makavu ya mgomba yananing'inia hadi chini. Kichuguu kimeachwa kwa sababu babu alisema kisiguswe. Debe lililotoboka, tairi la pikipiki, gunia la mkaa, nyasi zilizofika kiunoni kati ya nyumba na shamba. Ukiongeza na viatu ulivyoacha nje mlangoni, nyoka wa Kagerankanda ana uchaguzi mpana kuliko mpangaji wa Dar es Salaam.

Hatua ya sita: Maji, unyevu na gamba

Weka chombo cha maji kipana na kizito ambacho nyoka hawezi kukipindua, na ambamo anaweza kulala akitaka. Maji uyabadilishe kila siku. Unyevu ukitosha, atajivua gamba kwa mkupuo mmoja, kuanzia mdomoni hadi mkiani, likatoka zima. Siku chache kabla utaona macho yake yanageuka kama yenye ukungu. Usimguse, haoni vizuri na hana hali nzuri. Unyevu ukikosekana, gamba hutoka vipandevipande, vingine vikabaki machoni na kwenye ncha ya mkia. Watanzania tunaikumbuka hali hiyo. Mwaka 2011 chama tawala kilitangaza kujivua gamba, tukakesha kusubiri, na inaonekana banda lilikuwa kavu.

Kaya yako inatimiza masharti haya bila jitihada. Bomba linalovuja, dimbwi la maji ya kuoshea vyombo, ndoo isiyofunikwa na kisima chenye nyasi pembeni vinatosha.

Hatua ya saba: Panga mlo

Hapa ndipo ufugaji wa nyoka unapoushinda ufugaji mwingine wote. Nyoka mkubwa hula mara moja kwa wiki mbili au tatu, na chatu mzima aliyeshiba vizuri anaweza kukaa miezi. Hadai kifungua kinywa. Ng'ambo humlisha panya waliogandishwa wanaouzwa kwa pakiti. Humyeyusha panya, humpasha moto kidogo, humshika kwa kibano. Hawampi panya hai, kwa sababu panya aliyefungiwa na nyoka asiye na njaa huanza kumtafuna nyoka. Baada ya kula, asishikwe kwa siku mbili, la sivyo atakitapika chakula chote mikononi mwako, kizima, chenye manyoya.

Kagerankanda hakuna panya wa kugandishwa. Wapo freshi. Mahindi yakishavunwa na kuingizwa ndani, maharage yakapukuchuliwa yakaachwa kwenye turubai, muhogo mkavu ukawekwa pembeni, mwaliko wa panya unakuwa umetumwa. Mahindi huita panya, panya huita nyoka, nyoka huita jembe. Huo ndio mnyororo mzima wa chakula katika kata yetu, na kiungo pekee tunachojaribu kukikata ni cha mwisho.

Usiwasahau nyoka wenye ladha nyingine. Yupo mmoja mwembamba anayekula mayai tu: humeza yai zima lililo kubwa kuliko kichwa chake, akalivunja kooni kwa miiba ya uti wa mgongo, akanywa kilichomo na kulitema ganda limekunjwa vizuri. Meno ya maana hana. Kuku anayeatamia kwenye kona ya jiko, juu ya gunia kuukuu, amemwekea meza. Na vifaranga wanaolala chini sakafuni wamemwekea mwingine.

Hatua ya nane: Funga mlango

Nyoka hupita palipopita kichwa chake. Kanuni hii fupi imewashinda wengi. Anasukuma kifuniko usiku kucha bila kuchoka, na hana kazi nyingine asubuhi. Kwa hiyo banda liwe na komeo mbili, kioo kisicholegea na wavu usio na tundu. Florida, Marekani, chatu wa Burma waliotoroka au kutupwa na wafugaji waliochoka nao wamezaana hadi kuijaza mbuga ya Everglades, na jimbo huandaa mashindano ya watu kuwasaka.

Sasa kagua banda lako kubwa, ambalo wewe hulala humo. Tazama uwazi chini ya mlango: kidole kikipita, nyoka mdogo anapita. Tazama pale ukuta unapokutana na bati. Tazama tundu lililoachwa na mlingoti wa jukwaa fundi alipomaliza kujenga, akaahidi kurudi kuliziba. Tazama dirisha lisilo na wavu, na tawi la mwembe linaloegemea paa. Mfugaji wa ng'ambo anahangaika nyoka asitoke. Wewe kitu cha kumzuia asiingie hukuwahi kukiweka.

Hatua ya tisa: Wajulishe majirani

Hatua hii haimo katika miongozo ya ng'ambo, na ndiyo ngumu kuliko zote. Mazungumzo yataenda hivi:

"Shikamoo, mzee mwenyekiti."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia una mgeni."

"Si mgeni, mzee. Ni nyoka. Nimemjengea sanduku."

"Umemjengea."

"Ndiyo, mzee. La mninga."

"Na anakula?"

"Panya, mzee. Kila baada ya wiki mbili."

"Mchana au usiku?"

"Usiku."

Hilo jibu la mwisho ndilo litakalorudiwa kwenye mkutano wa hadhara. Ikitokea mwaka huohuo maharage yako yakastawi na ya jirani yakanyauka, hutakuwa mfugaji tena. Utakuwa na nyoka wa utajiri. Watu wataanza kukusalimia kwa heshima iliyozidi kipimo.

Kwa majirani zetu Wasukuma mambo ni tofauti. Wao wana chama cha Wayeye, mafundi wa nyoka na dawa zake, na katika mashindano ya ngoma mchezaji hutokea uwanjani na chatu shingoni, umati ukamshangilia yeye na chatu wake. Makumbusho ya Bujora karibu na Mwanza yanaihifadhi historia hiyo. Kule nyoka ni fundi mwenzako. Huku ni ushahidi.

Na hapa kejeli inasimama kidogo. Vijiji vya Kigoma vimeteswa na kamchape, wapiga ramli wanaoingia nyumba kwa nyumba wakidai kufukua uchawi, na serikali imewapiga marufuku mara kadhaa. Watu wametajwa hadharani, wamefukuzwa makwao, mali zao zimeharibiwa. Mara nyingi mtajwa ni mzee asiye na wa kumtetea. Nyoka akikutwa kwenye nyumba ya mama mjane, amefuata panya, na panya amefuata mahindi. Mwenyekiti mwenye busara husema hivyo mapema, kabla ya umati kukusanyika.

Hatua ya kumi: Jiandae kwa ajali

Mfugaji yeyote wa nyoka wenye sumu lazima awe na mpango wa siku atakayoumwa. Kwa kuwa wewe unafuga bila kujua, uwe nao kwanza. Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa watu milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na kati ya 81,000 na 138,000 hufa. Wengi wao ni wakulima na watoto wa vijijini. Ndiyo maana 2017 kuumwa na nyoka kuliingizwa kwenye orodha ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele. Neno hilo la kutopewa kipaumbele, Kigoma hatuhitaji kufafanuliwa.

Mtu akiumwa, mlaze, mtulize, kiungo kilichoumwa kisitikisike. Kifunge kwenye ubao au fimbo kama aliyevunjika. Mvue pete, bangili na viatu kabla uvimbe haujaanza. Usichanje kwa wembe, usinyonye jeraha, usikaze kamba hadi damu isipite, usibandike jiwe la nyoka ukasubiri muujiza, usimpe pombe. Kama ni mate ya swila yameingia machoni, osha kwa maji mengi safi, kwa muda mrefu. Usimkimbize nyoka ili umpeleke hospitali naye. Mgonjwa mmoja anatosha, na maelezo au picha ya mbali itamsaidia daktari. Kama usafiri ni bodaboda, mgonjwa akae katikati, dereva mbele, na mtu wa kumshikilia nyuma.

Kisha nenda hospitali, iwe ya wilaya Kibondo, Kasulu au ile ya misheni Kabanga, na nenda moja kwa moja. Piga simu njiani uulize kama dawa ya sumu ya nyoka ipo, ili kama haipo muelekezwe kwingine bila kupoteza saa. Mganga wa kienyeji anayependa wateja wake waishi atakwambia vivyo hivyo.

Tathmini ya mwisho

Kama umefuata mwongozo huu kwa makini, umegundua kuwa hakuna ulichohitaji kununua. Ukubwa upo, joto lipo, maficho yapo, maji yapo, panya wapo, na mlango uko wazi. Kagerankanda nzima ni banda la nyoka lililokamilika, na wapangaji wamo. Tena kwa haki ya ukaazi wametutangulia. Sehemu kubwa ya mashamba yetu ilikuwa Msitu wa Hifadhi wa Makere Kusini, na ulipomegwa kwa ajili ya wakulima baada ya ziara ya Rais Magufuli 2017, hakuna aliyekumbuka kuwapelekea nyoka barua ya kuhama. Mti ukiangushwa na kichuguu kikilimwa, aliyekuwa akiishi humo huhamia kwenye giza la karibu lenye chakula, yaani ghalani.

Kumfukuza mpangaji huyu hakuhitaji dawa ya kuchoma wala mafuta ya taa ya kumwaga mlangoni. Usome tu mwongozo huu kuanzia mwisho kwenda mwanzo. Ziba tundu la ukutani na uwazi wa chini ya mlango. Inua ghala juu ya nguzo zenye vizuizi vya bati vya kuzuia panya, na weka nafaka kwenye vihenge au mapipa yanayofungika. Wapandishe kuku kitandani kwao, juu ya ardhi. Ondoa matofali, fyeka nyasi hatua kumi kuzunguka nyumba, peleka mabua shambani. Lala kwenye chandarua kilichochomekwa chini ya godoro, kinazuia mbu na nyoka kwa bei moja. Ukienda chooni usiku, washa tochi, na ukienda shambani au porini kutafuta uyoga, vaa gambuti. Yule mdogo wa kahawia ukimkuta, muelekeze nje kwa fimbo ndefu; na kama humtambui, simama mbali na umwache apite, kama alivyofanya Jane Goodall.

Na ukiona huwezi kabisa kuishi bila kufuga kiumbe chenye sumu, fuga nyuki. Kibondo na Kasulu zina historia ndefu ya mizinga, miombo inachanua yenyewe, na asali ina soko. Nyuki akikuuma utavimba, utalalamika, kisha utauza.

Kwa sasa, usitafute seremala. Toka nje uhamishe lile lundo la kuni lililoegemea ukuta wa chumba cha watoto. Fanya hivyo asubuhi, kukiwa na mwanga, na uvae viatu. Vikung'ute kwanza.